Tofauti za Watu Kazini: Njia Ipi Hufaa?

Viwandani, maofisini na katika mashamba makubwa ya Afrika Mashariki, watu wa makabila, dini na lugha mbalimbali hufanya kazi bega kwa bega. Viongozi wa kazi, hata hivyo, hawakubaliani juu ya njia bora ya kuwaongoza. Wako wanaotegemea sheria, na wako wanaotegemea mafunzo na mawaidha. Wengine huwatenganisha wafanyakazi ili kuepusha ugomvi, na wengine hurekebisha mpango wa kazi yenyewe. Kila moja ya njia hizo nne ina watetezi wake. Uchunguzi mmoja uliofanywa nchini Kenya husaidia kuzipima.

Meza ya maua

Mchumi Jonas Hjort alichunguza kumbukumbu za kazi za kiwanda kimoja cha kufungasha maua nchini Kenya za miaka ya 2007 na 2008. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Katika kiwanda hicho wafanyakazi walifanya kazi watatu watatu. Mmoja alikuwa mgawaji: aliyapokea maua na kuwagawia wenzake wawili, ambao waliyafunga katika mashada. Kila mfungaji alilipwa kwa kadiri ya kazi yake mwenyewe, na mgawaji alilipwa kwa kadiri ya kazi ya wafungaji wote wawili. Wafanyakazi hawakuchaguana, bali walipangwa kwa zamu. Kwa hiyo iliwezekana kulinganisha vikundi vya kabila moja na vikundi vya mchanganyiko.

Kwa hesabu ya fedha, mgawaji hakuwa na sababu ya kupendelea, kwani kila ua alilolichelewesha lilipunguza ujira wake mwenyewe. Hata hivyo imebainika kwamba wagawaji waliwapa maua machache wafungaji wasio wa kabila lao. Ikiwa mfungaji mmoja alikuwa wa kabila la mgawaji na wa pili wa kabila jingine, maua yalielekezwa zaidi kwa yule wa kwanza. Hivyo mfungaji aliyebaguliwa alipunjwa, kiwanda kilipata mashada machache, na mgawaji aliulipia upendeleo huo kwa fedha zake mwenyewe.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 1997 kupita miaka kumi, ule wa Desemba 2007 ulifuatwa na machafuko ya kikabila ambayo yaliua watu zaidi ya 1,000 na kuwafukuza wengine wengi makwao. Uhasama huo uliingia mpaka kwenye meza za kufungia maua: ubaguzi katika ugawaji uliongezeka ghafla.

Ujira wa pamoja

Mwaka 2008 uongozi wa kiwanda ulibadili namna ya kulipa. Tangu hapo wafungaji wawili wa kikundi kimoja walilipwa kwa jumla ya kazi yao. Mgawaji hakuweza tena kumzidishia mmoja ujira na kumpunguzia mwingine, kwa kuwa maua yote yalihesabiwa pamoja.

Matokeo hayakuwa ya namna moja. Katika vikundi ambamo wafungaji wote wawili walikuwa wa kabila moja, mazao yalipungua kidogo, kwani ujira wa pamoja humpa mtu nafasi ya kumtegea mwenzake. Lakini katika vikundi ambamo wafungaji walitofautiana kabila, mazao yaliongezeka; na kwa jumla kiwanda kilipata faida. Ikumbukwe kwamba mpango huo haukubadili nyoyo za watu. Mgawaji aliyewekwa na wafungaji wawili wa kabila jingine bado aliweza kuwanyima wote wawili. Kilichoondolewa ni uwezo wa kumpendelea mmoja dhidi ya mwenziwe.

Njia nyingine

Je, si rahisi zaidi kuwatenganisha? Kwa kuwa vikundi vya kabila moja vilitoa mazao mengi zaidi, rai hiyo yaweza kuvutia. Lakini kiwanda kinachopanga watu kwa makabila huwafundisha kwamba kabila ndiyo sifa ya kazi, na fundisho hilo hufika hadi kwenye kuajiri na kupandisha vyeo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa kikabila kazini, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inataka kabila moja lisizidi theluthi moja ya wafanyakazi wa taasisi ya umma. Sheria za namna hii ni za lazima, kwani hufungua mlango wa ajira. Lakini haziwezi kuusimamia kila mkono unaogawa maua.

Mafunzo nayo yamepimwa. Mwaka 2006 Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walichapisha uchunguzi wa makampuni 708 ya Marekani kuanzia 1971 hadi 2002. Mafunzo ya kuondoa chuki yalisaidia kidogo mno kuongeza wanawake na watu weusi katika uongozi. Makampuni yaliyoweka mtu au kamati yenye wajibu wa jambo hilo yaliendelea vizuri zaidi, na humo hata mafunzo yalizaa matunda zaidi.

Chunguzi hizo mbili zinaelekea upande mmoja. Mawaidha hayatoshi ikiwa mpango wa kazi unaacha mlango wa upendeleo wazi. Inafaa basi kila kiongozi wa kazi ajiulize ni nani anayegawa zamu, vifaa, kazi za ziada na safari katika idara yake. Ni nani anayenufaika au kupunjwa na ugawaji huo. Na kama kuna kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Majibu yatamwonyesha mahali pa kuanzia marekebisho, naye hatalazimika kungoja kwanza watu wapendane.