Simu Isizime Kabla ya Kutuma Pesa

Ijumaa tukitoka Hamriya kwenda Ruwi kutuma pesa, wengi wetu simu inakuwa imebaki na asilimia 10. Ikizima kabla meseji ya namba ya uthibitisho haijaingia, muamala umekwama, na nyumbani wanasubiri ada ya shule.

Kabla hujanunua betri mpya, zima kwanza usivyotumia. Kioo ndicho kinachokula chaji sana: punguza mwanga, kiache kijizime baada ya sekunde 30. Bluetooth, lokesheni na hotspoti, zima mpaka uzihitaji. Data pia; meseji ya kawaida itaingia hata data ikiwa imezimwa. Kisha fungua mipangilio, sehemu ya betri, uone programu ipi inakula chaji kimyakimya, uizuie.

Na joto je? Juni hadi Agosti, sheria ya Oman inasimamisha kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana. Simu nayo tuiweke kivulini, maana joto kali linaichakaza betri moja kwa moja. Riali za betri mpya ni bora zifike nyumbani.