Kutu ya Usiku Mmoja

Mwenye kipanya akifungua nailoni asubuhi na kukuta bloku yake iliyochongwa jana imeshika rangi ya udongo mwekundu, kitu cha kwanza anachokitazama si bloku, ni uso wangu. Swali nalijua kabla hajalitoa: "Fundi, hii ni yangu kweli, au umenibadilishia?" Ni yako, bosi, na haijaharibika. Wengi hawasadiki mpaka nichukue kitambaa cheupe, nikidondoshee oili, nikizungushe ndani ya silinda, na chuma kirudi kung'aa wakiwa wanaangalia.

Nachonga injini hapa Manzese, mitaa ya ndani kutoka Barabara ya Morogoro. Bloku hunifikia kwa kirikuu, kwa guta, hata kwenye kiti cha nyuma cha bajaji huku abiria amekaa mbele na dereva. Nyingi ni za Hiace, zile injini za dizeli za 3L na 5L, na 1HZ za silinda sita zinazotoka kwenye Coaster na Land Cruiser. Hizo zote ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo zinashika kutu mwili mzima. Wenye IST wana nafuu: bloku yao ni ya alumini, chuma ni zile slivu nyembamba za ndani tu. Lakini pistoni inatembea humo humo kwenye slivu, kwa hiyo nao wasilale.

Bloku iliyotoka kwenye gari ina mafuta ya miaka, masizi na magamba, uchafu ambao kwa namna yake unaikinga. Mashine ikishapita, yote hayo yameondoka na chuma kimebaki uchi. Chuma kilicho uchi kinahitaji vitu viwili tu ili kishike kutu, maji na oksijeni, na maji yenyewe si lazima uyaone. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, juu ya chuma hujengeka utando mwembamba wa maji ambao jicho halioni, na kazi huanza. Usiku wa Dar es Salaam hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiseme. Ongeza chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hufanya utando huo ujengeke hata hewa ikiwa kavu zaidi. Dodoma wakati wa kiangazi, bloku hiyo hiyo ingekaa kwa starehe kuliko hapa.

Saa mbaya kuliko zote ni asubuhi. Bloku ya 1HZ ni pande zito la chuma; linashika ubaridi wa usiku na haliuachii upesi. Ukifungua mlango wa gereji hewa ya joto ikaingia, inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Ukiikuta kavu saa nne usidhani haikulowa.

Visababishi vingine tunavileta wenyewe. Mkono wenye jasho ukishika uso uliochongwa, kesho yake unaona alama za vidole zimechorwa kwa kutu, mistari yote, maana jasho lina chumvi. Halafu kuna maji ya kuoshea. Visima vingi vya jiji hili vina maji ya chumvi, na gereji nyingi zinavitegemea bomba likikatika. Ukiosha bloku kwa maji hayo ukaiacha ijikaushie yenyewe, hata usiku hausubiriwi. Kutu inaanza ukiwa bado unatafuta kitambaa.

Sasa kuiondoa. Kutu ya usiku mmoja imekaa juu juu, haijachimba. Ndani ya silinda natumia oili mpya ya injini, au ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki ambayo ni nyepesi na inapenya vizuri. Unapaka, unaiacha iloweshe kidogo, unasugua kwa kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, unabadilisha kitambaa, unarudia mpaka kitoke kama kilivyoingia. Pakikaidi, brashi ya nailoni na oili hiyo hiyo. Uso wa juu panapokaa hedi unavumilia zaidi: jiwe laini la kunolea, bapa, lililoloweshwa oili, likipitishwa bila kukandamiza. Baada ya hapo pitisha ukucha. Ukiteleza, umemaliza. Ukikwama kwenye kishimo, hiyo si kutu ya usiku mmoja tena, na silinda lazima irudi kwenye kipimo. Huenda ikadai saizi inayofuata au slivu mpya.

Kinachoniudhi ni msasa. Ndani ya silinda mpya kuna mistari inayokatana mshazari, tumeiweka makusudi kwa mawe ya mashine mwisho wa kazi. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili, na ndiyo inayozoesha ringi mpya zikae sawasawa ukutani. Kijana wa gereji akiona wekundu anachukua msasa, anasugua juu-chini kwa bidii, silinda inang'aa kuliko kioo, mteja anafurahi. Mistari imekufa. Gari litaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na lawama zitarudi kwa aliyechonga. Vile vitambaa vya kusugulia vyenye punje ngumu navyo vina madhara yake: punje hubanduka, zinaingia kwenye njia za oili, na safari yao huishia kwenye bearingi za krenki.

Wengine wanapenda asidi. Maji ya betri, siki, ndimu, kila mtu na dawa yake. Ni kweli asidi inakula kutu, ila ikimaliza kutu inakula na chuma, na kwenye chuma hiki cha kumimina huacha weusi wa kaboni juu. Tena chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi kuliko mwanzo; usipokiosha vizuri na kukipaka oili hapo hapo, kutu inarudi na ndugu zake. Kwa kipande kilichooza kabatini miaka, sawa, ina mahali pake. Kwa bloku ya jana haina.

Usiiache kutu hata kama ni kidogo, eti ringi zitaifuta zenyewe. Zitaifuta kweli, lakini vumbi la kutu ni gumu kiasi kwamba la aina hiyo hutumika kung'arishia vyuma na vioo. Hulitaki kwenye oili ya injini ambayo ndiyo kwanza umeilipia.

Kuosha kwa mwisho kunafanywa siku ya kufunga injini, si kabla. Ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, brashi ndefu ndani ya silinda na kwenye kila njia ya oili. Petroli haitoshi: inaondoa mafuta na kuziacha punje za mawe zimekaa pale pale. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, puliza kwa kompresa, paka oili papo hapo. Ikibidi bloku ilale, ipake oili nzito au grisi kwanza ndipo uivishe nailoni, maana nailoni bila oili inafungia unyevu ndani. Iweke juu ya mbao, isiguse sakafu, wala usiilalishe kwenye boksi, linanyonya maji. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari usiipake. Ina asidi na maji yake.

Lakini kutu nyingi ninayoiona haitokani na hewa ya bahari, inatokana na mfuko. Mtu anapata hela ya kuchonga, anachonga. Hela ya pistoni na ringi anaisubiri kwenye hesabu ya daladala nyingine, au kwenye mchezo wa mwisho wa mwezi. Wiki zinakwenda, bloku iko pembeni ya gereji chini ya turubai. Dada mmoja mwenye Coaster aliniuliza kama kuna dawa ya kupaka ili ikae hadi apokee mchezo wake. Dawa zipo, nikampa grisi, ila nilimwambia utaratibu wenyewe ndio uliokaa kinyume.

Pistoni hutangulia. Nazo zikiwa za ovasaizi ya 0.50, hazilingani zote sawasawa, na nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Mchongaji anapaswa kuipima kila pistoni kwa mikrometa na kuichongea silinda yake. Kwa hiyo subiri hela ukiwa na bloku chafu, isiyoguswa. Uchafu wake utaitunza. Siku pistoni, ringi na gasketi viko mkononi, na fundi wako wa kufunga yuko tayari, ndipo ulete. Na ukimkuta mchongaji anayepokea bloku bila kukuuliza pistoni ziko wapi, ipakie tena kwenye kirikuu uipeleke kwa mwingine.