KUANDAA SOMO LA KIINGEREZA KWA WATU WAZIMA WANAOANZA: MFANO WA SOMO LA SAA

Watumishi wa Serikali na wananchi wengi wa Unguja na Pemba hulazimika kutumia Kiingereza katika kazi zao za kila siku. Miongoni mwao wamo makarani wa bandarini, wapokea wageni wa hotelini, madereva wa teksi, wauguzi na wauza viungo. Baadhi yao waliacha skuli zamani. Wengine walisoma Kiingereza cha kujibia mitihani bila ya kupata nafasi ya kukisema. Wanapojiunga na darasa la jioni, hawakusudii kuwa mabingwa wa sarufi, bali wanataka kutekeleza jambo maalumu kesho asubuhi. Maelezo haya yametolewa kwa ajili ya wale wanaoombwa kuwasomesha, pamoja na wakuu wa afisi wanaotaka kuanzisha madarasa ya aina hii.

Lengo la somo

Kabla ya kufungua kitabu chochote, mwalimu anapaswa kuandika lengo la kipindi kwa sentensi moja, na sentensi hiyo itaje kitendo. "Kusomesha wakati uliopo" ni kazi ya mwalimu, wala si lengo la mwanafunzi. Lengo linalofaa ni kama hili: "Mwisho wa kipindi, mwanafunzi ataweza kumwambia mgeni boti inaondoka saa ngapi." Maneno, sentensi na mazoezi yote yachaguliwe kwa kuzingatia lengo hilo. Lisilolisaidia liachwe kwa siku nyengine, hata likiwa zuri.

Kwa nini somo la saa

Somo la saa linafaa kutangulizwa, kwa sababu hapo ndipo Mswahili na mgeni wanapokosana bila ya kujua. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua. Saa za Kiingereza huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni saa sita kamili.

Uchukuliwe mfano wa boti inayoondoka saa moja asubuhi. Karani akitafsiri neno kwa neno na kumwambia mgeni "one o'clock", mgeni atafika bandarini saa saba mchana, na boti itakuwa imeshaondoka saa sita nyuma. Matamshi ya karani hayakuwa na kasoro yoyote. Kilichokosewa ni hesabu. Kosa kama hilo likitokea hospitali, mgonjwa hukosa daktari wake.

Njia nyepesi ya kuepuka kosa hilo imo ndani ya saa yenyewe. Mshale mfupi ukielekea 7, nambari inayoukabili upande wa pili ni 1, na Mswahili husema saa moja. Ukielekea 10, inayoukabili ni 4, naye husema saa nne. Mwanafunzi afundishwe kwamba Mwingereza husoma nambari ile ile inayoelekewa na mshale, ilhali Mswahili husoma inayoukabili. Dakika hazibadiliki.

Liko pia suala la usiku. Kwa desturi ya Waswahili, siku mpya huanza jua linapokuchwa. Hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa Mwingereza, usiku huo bado ni wa Alkhamisi, kwani siku yake hubadilika saa sita ya usiku. Mpokea wageni anayeandika chumba cha "Friday night" anapaswa kumwuliza mgeni tarehe, ili chumba kisiwekwe kwa usiku mmoja kabla.

Matamshi ya nambari

Mwalimu asihangaike na sauti zote za Kiingereza kwa pamoja. Achague zile zinazobadilisha maana. Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ya kuzijua tangu utotoni sauti za "th" na "dh", kama katika maneno thelathini na dhahabu. Taabu iko kwengineko. Neno la Kiswahili humalizikia kwa irabu, kwa hiyo anayeanza huongeza irabu mwishoni mwa "eight", na msikilizaji akasikia "eighty": nane ikawa themanini. Aidha, mkazo wa Kiswahili huwa katika silabi ya mwisho kasoro moja. Mkazo huo ukipelekwa katika "fifteen", mgeni husikia "fifty": kumi na tano ikawa khamsini. Jozi hizi zitamkwe darasani kwa mara nyingi, mwanafunzi akinyanyua vidole au kadi yenye nambari aliyoisikia.

Mpangilio wa dakika 60

Vifaa vinavyohitajika ni ubao, chaki, kadi za nambari, na saa za kadibodi zenye mishale miwili iliyofungwa kwa msumari mdogo, moja kwa kila wanafunzi wawili.

1. Dakika 5: Maamkizi kwa Kiingereza na kutaja lengo la siku kwa Kiswahili.

2. Dakika 10: Mazoezi ya nambari 1 hadi 12, pamoja na 15, 30 na 50.

3. Dakika 15: Mwalimu anataja saa kwa Kiingereza, na wanafunzi wanaweka mishale bila ya kusema neno. Njia hii ya kusikiliza na kutenda kabla ya kusema ilienezwa na James Asher, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1960. Humpa mtu mzima nafasi ya kufahamu kabla ya kutakiwa kutamka.

4. Dakika 20: Wanafunzi wawili wawili, mmoja mgeni na mwengine karani. Mgeni anauliza, "What time does the boat leave?" Karani anasoma ratiba iliyoandikwa ubaoni kwa saa za Kiswahili, na anajibu kwa saa za Kiingereza. Mgeni anaweka mishale kwa jibu alilolisikia. Mishale ikikosea, wote wawili wanatafuta kosa lilipotokea. Kisha wanabadilishana nafasi.

5. Dakika 10: Kila mwanafunzi anaandika saa tatu za kazi yake mwenyewe, kama vile kufungua afisi, kula chakula cha mchana na kufunga, na kuzisema mbele ya mwenzake.

Heshima ya mwanafunzi

Darasa la watu wazima huweza kumkutanisha mkuu wa afisi na tarishi wake, au mzee na kijana wa umri wa mjukuu wake. Mtu mzima aliyefedheheshwa mbele ya wadogo zake hatarudi. Kwa hiyo, kosa lisahihishwe kwa mwalimu kulirejea jibu lililo sahihi, bila ya kumtaja aliyekosea, na kazi ya wawili wawili itangulie kazi ya mbele ya darasa. Wanafunzi waitwe kwa majina ya heshima wanayoitwa mtaani na kazini.

Ikumbukwe pia kwamba mwanafunzi wa jioni hutoka kazini akiwa amechoka, na hukosa baadhi ya vipindi kwa sababu ya zamu, msiba au maradhi ya watoto. Kila kipindi kiwe na mwanzo na mwisho wake, ili aliyekosa kimoja aweze kukifuata kinachokuja.

Walimu wanashauriwa kukianza kila kipindi kwa kuwauliza wanafunzi ni wapi walikitumia Kiingereza tangu walipoonana mara ya mwisho, na ni neno gani walilolikosa. Majibu hayo yaandikwe daftarini, kwani humo ndimo litakamotoka lengo la somo litakalofuata.