Siku za Kuhama: Namna ya Kupanga Wiki Tatu Japani

Anayepanga likizo ndefu katika nchi ya mbali huanza kwa kuorodhesha miji. Kwa Japani orodha hujaa upesi: Tokyo, Hakone, Takayama, Kanazawa, Kyoto, Nara, Osaka, Hiroshima, Miyajima, Fukuoka, na kwa kuwa nauli ya kufika huko ni kubwa, Sapporo nayo isiachwe. Akizigawa wiki zake tatu kwa majina hayo, anapata usiku mmoja hapa, miwili pale, na kila mji umepata fungu lake. Anaona kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo kazi haijaanza, kwa sababu bado hajahesabu kitu ambacho safari ya namna hii hukila kuliko fedha: siku za kuhama.

Tuifuate siku moja ya kuhama tangu asubuhi. Hoteli nyingi za Japani humtaka mgeni atoke chumbani saa nne au saa tano asubuhi, na chumba cha mji unaofuata hakipatikani mpaka saa tisa alasiri. Katikati ya saa hizo huna kwako. Treni ya mwendo kasi (Shinkansen) iitwayo Nozomi, ile ya haraka kuliko zote kwenye njia yake, hukufikisha Kyoto kutoka Tokyo kwa muda wa saa mbili na robo hivi, na wapangaji wengi huandika hizo saa mbili na robo wakaendelea na mengine. Hawaandiki kufunga mabegi, kwenda stesheni, kutafuta njia ndani ya stesheni ya Tokyo ambayo ni kubwa kama mtaa, kuliwahi behewa lako, kisha upande wa pili kuitafuta hoteli mpya na kuacha mizigo mapokezi. Ukitoka tena barabarani ni alasiri, na mahekalu mengi ya Kyoto hufunga milango kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Umebakiwa na matembezi ya jioni na chakula cha usiku.

Sasa irudie orodha ile. Miji kumi na mmoja, kisha kurudi Tokyo kupanda ndege, ni mihamo kumi na mmoja. Ukijumlisha pia siku ya kufika, ambayo mwili wako bado uko nyuma kwa saa sita, utaona kwamba zaidi ya nusu ya siku zako ishirini na moja zina begi ndani yake.

Njia ninayoiamini ni kuchagua mahali pachache pa kulala na kupaendea pengine kwa safari za kutwa. Nara iko chini ya saa moja kwa treni kutoka Kyoto. Haihitaji hoteli yake. Ngome ya Himeji, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1993, hutembelewa kutoka Kyoto au Osaka na ukarudi kula chakula cha jioni. Kamakura na Nikko ni za kutwa kutoka Tokyo. Kijiji cha Shirakawa-go, chenye nyumba za paa kubwa la nyasi, ni safari ya basi isiyofika saa mbili kutoka Kanazawa, na kisiwa cha Miyajima ni dakika kumi za feri baada ya treni ya kutoka Hiroshima. Kwa hiyo wiki tatu zinaweza kuwa hivi: Tokyo usiku sita, Kanazawa mitatu, Kyoto sita, Hiroshima miwili, Osaka mitatu. Umehama mara nne tu. Hakone, Takayama na Fukuoka zimeachwa, na hata Sapporo, ambayo kwa treni kutoka Tokyo ni siku karibu nzima ya kukaa kitini. Inauma, na ni haki iume. Lakini mtu aliyelala Kyoto usiku sita anaweza kuamka mapema na kupanda mlima wa hekalu la Fushimi Inari kabla makundi ya watalii hayajajaa, na mvua ikimharibia Jumanne yake, anayo Jumatano.

Angalia pia umbo la njia hiyo. Ni mstari: unashukia Tokyo na kuondokea Osaka, kwenye uwanja wa Kansai. Wengi hununua tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi mji uleule kwa mazoea tu, kisha hulazimika kutoka Hiroshima hadi Tokyo, saa nne za treni kwa nauli inayokaribia yen 20,000, ili wakaikute ndege yao. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Japani, hivyo utabadilisha ndege njiani vyovyote iwavyo; mashirika yanayopitia Dubai na Doha huruka Tokyo na Osaka pia. Uliza bei ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine kabla hujalipa chochote.

Umbo hilo ndilo linalojibu swali la pasi ya reli ya kampuni za JR, yaani tiketi moja ya kupandia treni kwa siku kadhaa, swali ambalo watu huliuliza mwanzoni ingawa mahali pake ni mwishoni. Zamani pasi ya JR ya siku saba iliuzwa yen 29,650 na wageni wengi waliinunua. Oktoba 2023 ikapanda hadi yen 50,000, na ile ya siku kumi na nne ikawa yen 80,000. Kwa mstari wetu, kutoka siku ya kuondoka Tokyo hadi ya kufika Osaka ni siku kumi na mbili, kwa hiyo pasi ya siku saba haitoshi. Tiketi nne za kawaida, ukizinunua moja moja, kwa pamoja hazifiki yen 50,000. Pasi hiyo bado inamfaa anayekimbia kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine. Aliyenunua pasi kwanza hujikuta akikimbia ili fedha yake isipotee, na hilo ni kosa la kupanga.

Kuhusu mizigo, Wajapani wamekwisha kukurahisishia. Huduma iitwayo takkyubin, iliyoanzishwa na kampuni ya Yamato mwaka 1976, hulichukua begi kutoka mapokezi ya hoteli moja na kulifikisha ya pili, mara nyingi siku inayofuata. Beba mkoba wa usiku mmoja. Begi ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa huzidi sentimita 160 hutakiwa kukatiwa kiti maalumu chenye nafasi ya mzigo kwenye Shinkansen za Tokyo hadi Kyushu, kwa hiyo lipime nyumbani.

Tarehe zinahitaji uangalifu mfupi. Kati ya Aprili 29 na Mei 5, katikati ya Agosti wakati wa sikukuu ya Obon, na mwaka mpya, Wajapani wenyewe husafiri kwa wingi na vyumba hupanda bei. Juni ni ya mvua. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Kwa raia wa Tanzania, Kenya na Uganda liko jambo moja zaidi: viza. Kati ya karatasi ambazo ubalozi huzitaka imo ratiba ya ukaaji, siku kwa siku, pamoja na mahali pa kulala. Ratiba yenye mihamo minne huandikika na kueleweka kwa ukurasa mmoja. Weka vyumba vinavyoweza kufutwa bila gharama, peleka maombi, na usilipie kisichorudishwa kabla viza haijatoka. Treni ziache mwisho. Viti vya Shinkansen huanza kuuzwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari, saa nne asubuhi ya Japani, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Ukisafiri msimu wa kawaida huna sababu ya kukatiza usingizi, maana kati ya Tokyo na Kyoto treni hufuatana kwa dakika chache tu; ukisafiri Aprili 29, amka.