Mpwa Wangu wa Mzinga Aiona Krismasi ya Dar es Salaam

Mtu aujiaye mji wa Dar es Salaam mara ya kwanza katika siku za Krismasi huukuta hauko katika hali yake ya kila siku. Wenyeji wengi wamo katika kufunga mizigo. Wachaga wanarejea Kilimanjaro, wenzao wa mikoa mingine nao wamo njiani, na katika stendi ya Mbezi hata pahali pa kusimama hapapatikani. Mgeni aingia, mwenyeji atoka. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2024, mpwa wangu alipokuja kunitazama kutoka Mzinga, chini ya milima ya Uluguru.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mjomba hana ruhusa ya kumpokea mpwa nusunusu. Nikaenda stesheni mwenyewe. Alikuja kwa ile treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka ule ule, na safari yake haikutimia saa mbili. Mimi nilikuja zamani kwa reli ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, nikashuka na vumbi la Ngerengere kichwani. Yeye alishuka shati halina hata kunyanzi, mkononi kapu la magimbi kutoka kwa dada yangu.

Siku tatu kabla ya sikukuu nilimpeleka Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Akaona taa za rangi, miti ya plastiki iliyopambwa kwa theluji ya pamba, na mtu mwenye ndevu nyeupe za bandia akitiririka jasho mlangoni pa duka. Kijana mmoja akamtajia shati la sikukuu shilingi 40,000. Mpwa wangu akalirudisha taratibu bila ya neno. Hatujapiga hatua kumi, bei ilikuwa imeshuka hata 15,000.

"Mjomba," akaniuliza, "ile 25,000 ilikuwa ya nini?"

Lakini kilichomsimamisha hasa ni kabichi na karoti za Mgeta. Alipoambiwa bei yake alicheka kicheko kisicho na furaha, kwani bei ya shambani anaijua.

Mkesha wa Krismasi bomba la nyumbani likakauka. Tukabeba ndoo kutoka kwa jirani mwenye kisima, na huko njiani mpwa wangu akaniuliza maji ya mji huu hutoka wapi. Nikamweleza. Mto Mzinga huingia katika Bwawa la Mindu. Kutoka hapo Ngerengere huyachukua maji hata Ruvu. Na Ruvu ndio uunyweshao sehemu kubwa ya mji huu, uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Mwaka huo huo mvua zilipochelewa na Ruvu ukapungua, mji ulipewa maji kwa mgawo.

Akaitua ndoo chini. Yeye ana kibustani cha mchicha na nyanya kando ya mto ule, na ameambiwa akiache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, shughuli za kudumu au ziwezazo kuudhuru.

"Mimi niache mboga ili nyinyi mpate maji," akasema. "Haya, Mjomba, maji yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Wazee wa Uluguru hawajasahau ule mpango wa kikoloni wa kuwachimbisha watu matuta kwa nguvu, uliovunjika baada ya ghasia za 1955. Sisemi kwamba sheria ya leo ni mpango ule. Mlima ukiisha miti, mwenye kibustani naye atakufa kwa kiu. Lakini anayetakiwa kuacha mita zake 60 ni mkulima, na sisi tunywao hatujaulizwa tutaacha nini. Wala sijamsikia mtu wa mjini akiliuliza jambo hilo, mimi mwenyewe nikiwamo, niliyezaliwa kule.

Usiku tukaenda misa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari. Watu walijaa hata nje, naye akasimama muda mrefu akitazama taa za meli.

Asubuhi ya Krismasi bomba likakoroma, kisha likatoa maji mekundu kama chai. Mke wangu akataka kuyamwaga. Mpwa wangu akamzuia, akachota kwa kiganja, akayatazama.

"Mvua imenyesha kwetu," akasema, akaenda upesi kuitafuta simu yake, aulize nyumbani habari za kibustani.