Mbwa wa Entebbe hunusa mizigo kwa ujira wa mpira

KAMPALA. Mfanyabiashara anayepitisha mzigo katika Uwanja wa Ndege wa Entebbe anaweza kukutana na mbwa wa Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA), yenye makao makuu Kamwokya, jijini Kampala. Mbwa huyo hana habari na vitenge wala viatu. Anatafuta pembe za ndovu na magamba ya kakakuona.

Wengi hudhani amefunzwa kwa kiboko. Sivyo. Kikosi hicho kiliundwa kwa ushirikiano na shirika la African Wildlife Foundation, ambalo kituo chake cha kufunza mbwa kipo Usa River, Arusha, Tanzania. Mbwa akigundua harufu aliyofundishwa, hupewa mpira acheze. Asipoipata, hapati mpira, wala hapigwi. Kwake msako mzima ni mchezo.

Hapo ndipo mwenye mzigo anapofaidika. Mbwa aliyezoea kupigwa huangalia mkono wa bwana wake badala ya boksi lililo mbele yake, na akikosea, shehena ya mtu asiye na hatia ndiyo inayofunguliwa. Huyu akinusa kitu huketi kimya akisubiri mpira wake, bila kurarua gunia.

Anahitaji pia maji, kivuli na mapumziko. Akihema ulimi nje kwa joto, pua haifanyi kazi sawasawa. Ndiyo maana msako husimama kidogo hata foleni ikiwa ndefu. Wakati huo asitupiwe kipande cha chapati. Anayemlipa ni askari wake peke yake.