Blasti ya Mpunga: Vile Upepo na Umande Vinaweza Kuambia Wasee wa Jego Hatari Inakuja

Kama umewahi kutoka Lunga Lunga ukakata kuelekea Vanga, Jego unaijua. Mpunga kila upande, mpaka wa Tanzania uko hapo tu. Sasa huo mpunga una adui mmoja noma sana: blasti.

Blasti ni kuvu. Inaanza na madoa kwa jani, yamechongoka kama almasi, katikati kijivu. Ikishika shingo ya suke, mchezo umeisha. Suke linasimama jeupe, ndani hakuna kitu. Mkulima amelipa trekta, amelipa wa kupalilia, halafu anavuna makapi. Si poa.

Kuvu hiyo hutoa spora, vumbi ambalo macho hayaoni, na nyingi hutoka usiku. Upepo unazibeba. Lakini spora ikitua kwa jani kavu, imekula hu. Inataka jani likae na maji masaa kumi hivi au zaidi, na joto la digrii 25 hadi 28. Hapo ndio inaota na kutoboa. Kwa hivyo ukijua mvua, umande, joto na upepo, unajua usiku gani ni mbaya. Hakuna uganga hapo. Wajapani wana mfumo unaitwa BLASTAM, kazi yake ni kusoma data ya vituo vya hali ya hewa na kuonyesha siku ambazo blasti inaweza kuingia.

Usidhani hii ni mambo ya ng'ambo pekee. Kutu ya shina la ngano, ile Ug99, ilipatikana Uganda 1998, ikaingia Kenya na Ethiopia, na 2006 ikawa imevuka bahari hadi Yemen. Upepo, buda! Ethiopia wakaamua kuisubiri mlangoni. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Cambridge, Met Office ya Uingereza na CIMMYT, wana mfumo ambapo maafisa wanaripoti shamba lililo na kutu, kompyuta inapiga hesabu spora zitapeperushwa wapi kwa siku saba, kisha inacheki kama huko majani yatakuwa na unyevu. Onyo linatumwa kwa SMS. Na sikia hii: programu ya upepo wanayotumia, NAME, ilianza kuundwa baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl, 1986, kufuatilia sumu ikienda hewani.

Blasti yetu haisafiri mbali hivyo. Spora nyingi zinaishia shamba la jirani, na zingine zinakungoja kwa mabua uliyoacha msimu uliopita. Ndio maana Jego cha kuangalia zaidi ni umande. Masika, kusi ikivuma, mawingu siku nzima, saa nne asubuhi jani bado limelowa: hapo chunga.

Onyo likikufikia mapema unapunguza yuria, unaacha maji shambani, unapiga dawa ya kuvu kabla suke halijatoka. Ukingoja mpaka suke ligeuke jeupe, hiyo dawa ni kumwaga doo kwa tope.